Mvua, Sufu na Nailoni: Mbio Ndefu za Milimani Kaskazini mwa Uingereza

Wilaya ya Maziwa, yaani eneo la milima, mabonde na maziwa membamba lililoko Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, haina milima mirefu kwa kipimo cha Afrika Mashariki. Kilele kirefu kuliko vyote humo, na katika Uingereza nzima zikiachwa Uskoti na Wales, ni Scafell Pike chenye mita 978, kimo ambacho hakifiki hata sehemu moja ya sita ya Kilimanjaro. Hata hivyo ni katika milima hiyo mifupi, pamoja na safu jirani ya Pennines na nyanda za juu za Uskoti, ambako desturi ya kukimbia mbali milimani katika mvua na baridi ilikua hadi ikawa mchezo wenye kanuni, kumbukumbu na wafu wake.

Sababu ya kwanza ni mvua yenyewe. Pepo za magharibi hufika kutoka bahari ya Atlantiki zikiwa zimebeba unyevu, hupandishwa ghafla na milima, hupoa na kumwaga maji, kiasi kwamba kijiji kidogo cha Seathwaite katika bonde la Borrowdale hupata kwa wastani zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya zile zinazonyesha Unguja. Tofauti kubwa zaidi iko katika namna ya kunyesha. Mvua ya masika hushuka kwa kishindo, kisha huliachia jua likaushe ua. Mvua ya Cumbria huweza kushinda kutwa nzima, wakati mwingine manyunyu na wakati mwingine nzito, ikisukumwa na upepo kutoka ubavuni, huku ukungu umevifunika vilele na joto la hewa liko nyuzi chache tu juu ya sifuri. Hali hiyo ni ya hatari kuliko theluji, kwa kuwa theluji kavu hupukutika kwenye nguo ilhali maji huingia hadi ngozini na kukaa huko. Wakazi wa Njombe, Nyandarua au Kigezi wanaielewa nusu ya habari hii. Nusu ya pili ni upepo usiokoma.

Mchezo wenyewe Waingereza huuita kwa jina la fell, ambalo kwa watu wa kaskazini ni mlima au mwinuko ulio wazi, usio na miti, unaotumika kwa karne nyingi kama malisho ya kondoo. Mbio za fell hutofautiana na mbio za njia za porini zilizoenea duniani katika miongo ya karibuni kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mara nyingi njia haijawekewa alama: mshiriki hutajiwa vilele au vituo vya ukaguzi anavyopaswa kuvifikia, na namna ya kupita kati ya kimoja na kingine, iwe kwenye majani, mawe yaliyoporomoka au kinamasi cha mboji, ni shauri lake yeye, ramani yake na dira yake. Historia ya mchezo huu kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya washindi na muda waliotumia. Ikifuatiliwa kwa upande wa nguo, kwa kuuliza kila kizazi kilivaa nini na kilibeba nini mvua ilipoanza, hudhihirika mambo ambayo saa ya mwamuzi haiwezi kuyaeleza.

Mbio za awali zilizoandikwa vizuri hazikuhitaji swali hilo. Katika maonyesho ya michezo ya vijiji, maarufu zaidi yakiwa yale ya Grasmere yaliyoshika mizizi katika nusu ya pili ya karne ya 19, vijana walipanda mlima unaoonekana kutoka uwanjani, wakazunguka bendera na kuteremka, na shughuli yote ilimalizika kabla ya nusu saa. Mbio hizo ziliitwa za waongozaji, kwa kuwa waliotegemewa kushiriki walikuwa wenyeji waliowapandisha watalii milimani, na washindi walilipwa fedha, jambo lililowatenga kwa miongo mingi na wanamichezo wa ridhaa, yaani wale waliokatazwa na vyama vyao kupokea malipo. Washiriki walikuwa wachungaji wa kondoo, wachimba mawe na walinzi wa wanyama wa kuwindwa, watu ambao mvua iliwapata kazini siku nyingi za mwaka na ambao kulowa kwa dakika 20 hakukuwatia wasiwasi wowote. Bill Teasdale wa Caldbeck, aliyetawala mbio za Grasmere katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo.

Uskoti ilichangia jambo jingine. Juu ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya visiwa vya Britania wenye takriban mita 1,345, kituo cha kupima hali ya hewa kilifunguliwa mwaka 1883 na kuendeshwa hadi 1904, na wafanyakazi wake waliandika usiku na mchana viwango vya mvua, upepo na ukungu wa kileleni. Njia ya farasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kituo hicho ndiyo iliyotumiwa na William Swan wa Fort William mwezi Septemba 1895, alipopanda na kurudi kwa saa 2 na dakika 41, safari ya kwanza iliyopimwa muda mlimani hapo. Miaka mitatu baadaye yaliandaliwa mashindano yenye washiriki 10. Ni nadra kwa uwanja wa michezo kuwa na takwimu za hali yake ya hewa kabla ya kuwa na mshindi, na takwimu zile zilikwisha kuonyesha kwamba siku ya kileleni isiyo na ukungu ilikuwa ya bahati. Mwaka 1955 Kathleen Connochie, msichana wa miaka 16, alikimbia njia hiyo nje ya orodha rasmi kwa sababu waandaaji walikataa kumsajili, akamaliza kwa muda wa saa 3 na dakika 2. Wanawake wangesubiri miaka mingi zaidi kabla ya kukubaliwa kikamilifu katika mbio ndefu za milimani, na hoja iliyotolewa mara kwa mara dhidi yao, kwamba miili yao isingestahimili hali ile, ilikuja kukanushwa na mwanamke mmoja atakayetajwa hapa chini.

Swali la nguo lilianza kuwa la maana pale watu walipoacha kupanda mlima mmoja na kuanza kuiunganisha mingi. Katika karne ya 19 kasisi mmoja aliyeitwa Elliott alizunguka vilele tisa kwa saa 8 na nusu, na mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Arthur Wakefield wa Keswick, ambaye baadaye alikuwa katika msafara wa Everest wa mwaka 1922, aliuweka mchezo wa kuhesabu vilele ndani ya saa 24 kuwa shindano la heshima. Rekodi iliyodumu kuliko zote ni ya Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, ambaye tarehe 13 na 14 Juni 1932 alivipita vilele 42, akitokea na kurejea kwenye jengo la Moot Hall katikati ya mji, mwendo wa takriban kilomita 106 wenye jumla ya kupanda karibu mita 8,200. Alivaa viatu vya tenisi, kaptula na koti la pajama. Chakula chake kilikuwa mkate na siagi, mayai ya kuchemsha, matunda na peremende. Waandishi wengi hulitaja koti lile la pajama kwa kucheka. Ukweli ni kwamba mwaka 1932 mtu aliyetaka nguo nyepesi ya mikono mirefu, ambayo haingembana mabega wala kuongeza uzito ikilowa, hakuwa na mengi ya kuchagua: nguo za kuzuia mvua za wakati huo zilikuwa za pamba iliyopakwa mpira au mafuta, nzito na zisizopitisha jasho, na sufu, iliyokuwa kinga halisi ya mchungaji, ilikuwa nzito mno kwa mtu wa kukimbia. Graham alitegemea mwezi wa Juni, wenye usiku mfupi, na alitegemea kutosimama. Rekodi yake ilidumu hadi 1960, na mwaka 1971 iliundwa klabu ya wale waliomaliza mzunguko huo ndani ya saa 24. Billy Bland, fundi mawe wa Borrowdale, aliukamilisha mwaka 1982 kwa saa 13 na dakika 53, muda ambao haukuvunjwa hadi Kilian Jornet wa Hispania alipofika mwaka 2018.

Kutosimama ndiko kulikokuwa kinga, na ndiko pia kulikokuwa mtego, ingawa ilichukua muda kueleweka. Mwaka 1952 lilianzishwa Jaribio la Milimani la Wilaya ya Maziwa, shindano la kila mwaka ambalo washiriki huelezwa njia siku hiyo hiyo na hujitafutia mwelekeo, na mwaka 1962 hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba alimaliza mtu mmoja tu, George Brass. Miaka miwili kabla, katika shindano hilo hilo, alijitokeza kwa mara ya kwanza mkulima wa bonde la Wasdale, Joss Naylor, amevaa buti za kazi na suruali aliyoikata miguu. Naylor, aliyeishi kutoka 1936 hadi 2024, alikuwa mfugaji wa kondoo, na mwaka 1975 alivipita vilele 72 ndani ya saa 24. Mashabiki walizoea kumsifu kama mtu wa chuma. Sifa hiyo inafunika jambo la maana zaidi, kwamba mtu aliyepanda milima ile ile katika mvua ya Novemba kuwatafuta kondoo wake alikuwa na ujuzi ambao hauonekani kwenye misuli: alijua upepo unageuka wapi, ni kijito gani hakivukiki baada ya saa mbili za mvua, na ni wakati gani mtu anapaswa kushuka bondeni hata kama hajachoka.

Ujuzi huo wa wachungaji haukuwa umeandikwa popote, na watu wa mijini walioanza kumiminika milimani kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili hawakuurithi. Kukosekana kwake kulidhihirika tarehe 14 na 15 Machi 1964, katika matembezi ya mashindano yaliyoitwa Four Inns, ambayo yalifuata njia ya takriban kilomita 72 kupitia nyanda za mboji za Peak District, kusini mwa Pennines, na yaliandaliwa kwa ajili ya maskauti wakubwa. Vijana zaidi ya 200 walianza katika mvua na upepo, joto likiwa chini sana ingawa halikuwa la kugandisha. Wachache walimaliza, na watatu walikufa. Walikuwa vijana wenye afya, na hawakuanguka majabalini wala kufunikwa na theluji. Walikufa kwa haipothemia, hali ambayo joto la ndani ya mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37, hushuka chini ya nyuzi 35, mtu akaanza kutetemeka, kisha akapoteza uratibu wa mikono na miguu, kisha akapotewa na busara yake kabla hajapoteza fahamu.

Aliyechunguza vifo hivyo kwa undani zaidi alikuwa Griffith Pugh, mtaalamu wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, ambaye tayari alikuwa amejulikana kwa kazi yake katika msafara uliofika kileleni Everest mwaka 1953. Matokeo yake yalichapishwa mwaka huo huo wa 1964 katika jarida la tiba la Lancet, na baadaye alifanya majaribio ya maabara yaliyompeleka mbele zaidi. Nguo, alieleza, hazitoi joto. Huzuia tu hewa iliyopashwa na ngozi isikimbie, na kinga hiyo hukaa katika hewa tulivu iliyonaswa kati ya nyuzi za kitambaa. Nguo ikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa; upepo ukiongezeka juu yake, unyevu huvukizwa na kila gramu inayovukizwa huondoka na joto lake, hata kinga ya mavazi ikabaki sehemu ndogo ya ile iliyokuwapo yalipokuwa makavu. Mtu anayekwenda kwa kasi hustahimili hasara hiyo kwa sababu mwili wake hugeuza sehemu ndogo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo, na sehemu kubwa, karibu robo tatu au zaidi, hutoka kama joto. Hapo ndipo mtego ulipo. Akichoka hupunguza mwendo. Akipunguza mwendo joto analotengeneza hupungua. Akipoa misuli hukakamaa na mwendo hupungua zaidi, na kutoka hapo hadi kuanguka hapahitaji saa nyingi. Aliye imara hufika mbali zaidi kabla ya mtego kufunga, na kwa hiyo huanguka akiwa mbali zaidi na msaada.

Maelezo hayo yaliwafikia wakimbiaji wakati viwanda vilipokuwa vinabadilisha maana ya nguo ya mlimani. Katika miaka ya 1960 makoti mepesi ya nailoni yenye kofia, yaliyovaliwa kwa kupitishwa kichwani na kukunjwa hadi yakaenea mfukoni, yalianza kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Yalizuia mvua kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo yalizuia jasho, hata mkimbiaji aliyevaa koti hilo akipanda alilowa kutoka ndani badala ya nje. Lakini yalikata upepo, na kwa hesabu ya Pugh kukata upepo kulikuwa nusu ya uhai. Katika miaka ya 1970 zilifuata fulana za polipropilini, plastiki iliyofumwa kuwa uzi, zilizotengenezwa na kampuni ya Helly Hansen ya Norwei kwa ajili ya mabaharia na wavuvi. Uzi wake haunywi maji, kwa hiyo fulana ikikamuliwa hurudi kuwa karibu kavu mwilini, na ingawa ilijulikana kwa kunuka vibaya baada ya siku moja, kwa miaka mingi ilikuwa kama sare ya wakimbiaji wa milimani wakati wa baridi. Hatua ya tatu ilitoka Marekani, ambako mwaka 1969 Robert Gore aligundua kwamba plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande huweza kuvutwa kwa ghafla ikawa utando wenye vitundu vidogo mno visivyopitisha tone la maji lakini vinavyopitisha mvuke. Makoti ya kwanza ya Gore-Tex yalifika madukani katikati ya miaka ya 1970. Yalikuwa ghali, na wakimbiaji wengi wa kaskazini, watu wasiopenda kulipia kitu ambacho jirani hana, waliendelea na nailoni kwa muda mrefu.

Viatu vilikuwa na historia yao fupi. Norman Walsh, fundi viatu wa Bolton, alianzisha biashara yake mwaka 1961, na kiatu chake chenye soli ya vijino vya mpira kikawa kiatu cha karibu kila mkimbiaji wa fell, kwa kuwa kwenye majani yaliyolowa kushika ardhi ni muhimu kuliko kulindwa na mawe, na kwa kuwa kiatu kisichoshika maji hukauka haraka kuliko kile kinachojidai kuyazuia. Soko hilo lilikuja kushindaniwa tangu mwaka 2003 na kampuni ya Inov-8, ambayo mwanzilishi wake, Wayne Edy, alitoka Zimbabwe.

Ujuzi mpya wa baridi na nguo mpya vilikutana katika shindano moja lililoanzishwa mwaka 1968 na Gerry Charnley, likafadhiliwa na kampuni ya mikoba ya Karrimor na kuitwa kwa jina la kampuni hiyo. Lilifanyika kila mwaka mwishoni mwa Oktoba, wakati ambao mtu mwenye busara hangeuchagua, na ulichaguliwa makusudi. Washiriki walikimbia wawili wawili kwa siku mbili, wakilala mlimani usiku wa kati, na walitakiwa kubeba kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho: hema, mifuko ya kulalia, jiko, chakula, nguo za akiba. Kanuni hiyo ilikuwa na falsafa ndani yake. Mbio za barabarani humwona mshiriki kama mtu anayehudumiwa, na hivyo waandaaji humwekea maji, chakula na gari la wagonjwa. Shindano la Oktoba lilimwona kama msafiri anayejitegemea, na lilimpima kwa kile alichokijua kabla hajaondoka nyumbani. Mizani ya jikoni ikawa chombo cha mazoezi, kila gramu ikihojiwa, na jozi iliyobeba kidogo mno iligundua kosa lake saa nane usiku ndani ya hema lililolowa.

Tarehe 25 Oktoba 2008, shindano hilo hilo likiwa limebadilishwa jina, takriban watu 2,500 walianza kukimbia kutoka Borrowdale katika dhoruba iliyofanya mito ifurike na upepo uwaangushe watu chini. Waandaaji walilisimamisha siku hiyo hiyo. Mabonde yalikatika, magari yakazama viwanjani, na vyombo vya habari vilitangaza kwamba mamia ya watu, idadi iliyotajwa zaidi ikiwa 1,700, hawajulikani walipo. Kufikia kesho yake wote walikuwa wamepatikana wazima, isipokuwa wachache walioumia kidogo. Wengi walikuwa wamelala kwenye mabanda ya wakulima, kwenye machimbo ya mawe ya Honister, au katika mahema waliyobeba mgongoni. Wakosoaji walisema watu hao walistahili kukatazwa kutoka. Wakimbiaji nao walijibu kwamba mtu mwenye hema, jiko na chakula cha siku mbili hajapotea kwa sababu tu hajapiga simu, na kwa kiasi kikubwa matokeo yaliwapa haki, ingawa vijito vilivyofurika havikuuliza nani ana hema, na siku ile bahati nayo ilifanya kazi yake.

Katika mbio za siku moja, ambamo mkimbiaji anataka kuwa mwepesi, kanuni ya kubeba ilikuja kwa shida zaidi. Mbio za Three Peaks za Yorkshire, zilizoanza mwaka 1954, zilimpoteza mshiriki mmoja kwa baridi mwaka 1978, na baada ya hapo ukaguzi wa vifaa na wa uzoefu ukakazwa. Chama cha Wakimbiaji wa Fell, kilichoundwa mwaka 1970, kilipanga mbio kwa ukali wa mwinuko na kwa urefu: daraja la A ni mbio zenye wastani wa kupanda usiopungua mita 50 kwa kila kilomita, na mbio ndefu ni zile zinazozidi kilomita 20, hivyo mkimbiaji akiona herufi mbili karibu na jina la shindano hujua siku yake itakuwaje. Kwa mbio ndefu za daraja hilo vifaa vya lazima vilikubaliwa hatua kwa hatua: koti lisilopenyeza maji lenye kofia, suruali ya namna hiyo hiyo, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura, vyote vikienea katika mkoba mdogo wa kiunoni. Kifo kingine katika mbio za Cumbria mwaka 2012, siku ya baridi kali ya mwezi Aprili, kilifuatiwa na marekebisho makubwa ya kanuni za usalama na mabishano makali ndani ya chama kuhusu mpaka wa wajibu wa mwandaaji, ambaye kwa kawaida ni mwanachama wa klabu anayejitolea bila malipo na anayeweza kujikuta mbele ya hakimu.

Mchezo huu haujawahi kujitenga na ufugaji uliouzaa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoikumba mifugo ya Uingereza mwaka 2001, milima ilifungwa, na mbio nyingi za mwaka huo zilifutwa bila ubishi mkubwa, kwa kuwa wakimbiaji walifahamu fika kwamba wanapita kwenye malisho ya watu.

Mashindano mapya yamesogea kwenye majira mabaya zaidi. Tangu 2012 mbio za Spine hufuata Njia ya Pennine, takriban kilomita 430 kutoka Edale hadi mpakani mwa Uskoti, katikati ya Januari, wakati mwanga wa mchana ni takriban saa nane tu na mvua hugeuka theluji na kurudi kuwa mvua ndani ya bonde moja. Mwaka 2019 Jasmin Paris, daktari wa mifugo wa Edinburgh, aliwashinda wanaume na wanawake wote kwa saa 83 na dakika 12, akaivunja rekodi kwa saa 12 hivi, huku akikamua maziwa vituoni kwa ajili ya mtoto wake mchanga. Kwa upande wa wakimbiaji wa Afrika Mashariki, sifa zao za milimani zimepatikana katika tawi jingine la mchezo: mwaka 2017, katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani huko Premana nchini Italia, Victor Kiplangat, Joel Ayeko na Fred Musobo wa Uganda walichukua nafasi tatu za kwanza, na Lucy Wambui Murigi wa Kenya akashinda kwa wanawake. Hizo ni mbio fupi za kiangazi kwenye njia yenye alama, ambamo mapafu huamua mengi na koti haliamui kitu.

Namna mbili hizo za kukimbia zinapochanganywa bila kujua, matokeo huweza kuwa mabaya kupita kiasi. Tarehe 22 Mei 2021, katika mkoa wa Gansu nchini Uchina, watu 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo kame la Mto Manjano. Sehemu ya juu kabisa ya njia ilipigwa na upepo mkali, mvua ya baridi na mawe ya barafu. Koti la kuzuia upepo lilikuwa limependekezwa tu, halikuwa la lazima, na wengi walikuwa wametanguliza makoti yao kwenye kituo kilichokuwa mbali mbele. Wakimbiaji 21 walikufa, miongoni mwao Liang Jing, mmoja wa mahodari wakubwa wa nchi hiyo. Mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliyekuwa amejihifadhi pangoni, aliwaingiza watu sita humo na kuwawashia moto. Yote ambayo Pugh aliyaeleza mwaka 1964 yalitokea upya, kwa mpangilio ule ule, kwa watu wenye nguvu kuliko wale maskauti na wenye simu mifukoni.

Kaskazini mwa Uingereza tukio hilo lilisomwa kwa makini, na mjadala uliofuata ulikuwa wa vitendo zaidi kuliko wa huzuni. Wakimbiaji wapya waliotoka kwenye mbio za njia zenye alama hulalamika wanapolazimishwa kubeba koti siku ya jua la Julai, na koti la leo likiwa na uzito wa gramu 200 au chini ya hapo malalamiko hayo ni ya desturi kuliko ya mzigo. Waandaaji nao wamejifunza kwamba kuona koti hakutoshi, kwa kuwa kitambaa kinachoitwa cha kuzuia maji huvuja kwanza pale sindano ilipopita. Kwa hiyo katika mbio nyingi ndefu kanuni hutaka mishono iliyozibwa kwa utepe kutoka ndani, na asubuhi ya mbio, hata kama mbingu ni nyeupe, mkaguzi huligeuza koti nje ndani na kuupitisha ukucha wake juu ya mshono.